Kila Mwamba Ngoma Huvuta Kwake: Siasa katika Ununuzi wa Ndege za Kivita

(Hotuba kwa wananchi wa Likoni, Kisauni na Changamwe)



Tumekuja kusema juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi raia aliambiwa halimhusu: jinsi serikali inavyonunua ndege za kivita. Baadhi yenu mwaishi jirani na kambi ya Jeshi la Majini ya Mtongwe. Wengine, huko Changamwe, hulala na kuamka kwa mngurumo wa ndege. Vyombo mwavijua kwa macho. Bei yake, na nani aliyevichagua, hamkupata kuambiwa.

Ndege ya kivita hainunuliwi kama gunia la mchele sokoni. Muuzaji ana serikali nyuma yake, mnunuzi ana wakubwa juu yake, na katikati husimama dalali. Siasa huingia kwa milango yote mitatu.

Mnamo Januari 2017 serikali ya Marekani iliidhinisha Kenya iuziwe ndege 12 za Air Tractor AT-802L na nyingine 2 za mafunzo, pamoja na silaha na huduma zake, kwa makadirio ya dola milioni 418. Asili ya ndege hiyo ni ya kunyunyizia dawa mashambani, ikageuzwa kuwa ya vita. Kazi ilikuwa ipewe kampuni ya L3. Ndipo mbunge Ted Budd wa North Carolina aliposimama kudai uchunguzi, akisema kampuni ya IOMAX ya jimboni kwake imenyimwa nafasi, ilhali ingeweza kuunda ndege za namna hiyo kwa bei nafuu. Ubalozi wa Marekani ulijibu kwamba taratibu zilifuatwa. Mwishowe ndege hizo hazikununuliwa.

Hatumlaumu mbunge yule kwa kutetea ajira za watu wake. Kila mwamba ngoma huvuta kwake. Swali letu ni hili: kwetu alivuta nani? Bei ile tuliijua kwa sababu sheria ya Marekani inailazimu serikali yao kulijulisha Bunge kabla ya mauzo makubwa ya silaha. Mlipa kodi wa Kisauni akapata habari za fedha zake kutoka Washington.

Majirani zetu nao wana funzo. Mwaka 1998 Uganda ilinunua helikopta za Mi-24 kutoka Belarus. Zilizofika zilionekana kuwa mbovu. Ikajulikana kwamba Jenerali Salim Saleh, ndugu wa Rais, aliahidiwa kamisheni ya dola 800,000. Mwaka 2001 Jaji Julia Ssebutinde alipewa kazi ya kuchunguza. Tanzania nayo iliuziwa rada na kampuni ya BAE kwa pauni milioni 28. Katika baraza la mawaziri la Uingereza, waziri Clare Short aliipinga biashara hiyo; Waziri Mkuu Tony Blair akaipitisha. Mwaka 2010 BAE ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri hesabu zake, na ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania.

Tutaambiwa: haya ni siri za dola. Sisi tulio wanasheria twajibu kwamba siri ina mipaka. Uwezo wa ndege, mahali inapolindwa na mpango wa vita, hayo na yafichwe. Lakini jina la muuzaji, bei, malipo ya dalali na sababu ya kumwacha mshindani havimsaidii adui yeyote. Vikifichwa, huyafaa matumbo ya wachache. Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 chataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi, wa ushindani na wenye gharama nafuu. Wala jeshi halikutengwa humo. Kifungu cha 35 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Tena Kifungu cha 238 chasema usalama wa taifa ni kuwalinda watu, haki zao, mali yao na ustawi wao. Watu wa Likoni hawahitaji kufafanuliwa. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama, wakafa watu 272. Hawakuuawa na adui aliyetoka ng'ambo. Kwa hiyo kila shilingi inayopotea katika ndege mbovu au ya bei ya kuruka imeondolewa katika ulinzi, na mwanajeshi atakayeirusha ndiye wa kwanza kudhulumiwa.

Basi twadai mambo matatu. Kwanza, Kamati ya Bunge ya Ulinzi ielezwe bei na washindani kabla ya mkataba kutiwa saini. Pili, kila dalali na malipo yake yaandikwe katika mkataba. Tatu, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu asizuiwe mlangoni kwa neno "siri".

Mwaka 1991, kifungu cha 2A kilipoondolewa, tulipata ruhusa ya kuwa na vyama vingi. Ruhusa ya kuuliza hatukuhitaji kupewa; ni yetu. Mwulizeni mbunge wenu, na jibu lake mlete hapa.