Tamasha la Kwaya kwa Wanaotoka Gerezani: Kwa Nini Lifanyike Msimu wa Kahawa

Mada kwa semina ya viongozi wa kwaya na wazee wa kanisa, Bugarama, Ngara



Nimeombwa nizungumzie namna kwaya zetu zinavyoweza kuungana kuandaa tamasha la kuwachangia ndugu zetu wanaorudi nyumbani kutoka gerezani. Habari za nyimbo nawaachia walimu wa kwaya. Mimi nitakaa zaidi kwenye kalenda na fedha, maana tamasha zuri linaweza kufanyika wakati mbaya na lisimsaidie mtu.

Nianze na kalenda. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kutoa msamaha kwa wafungwa, na mara nyingi msamaha huo umetolewa siku ya Uhuru, 9 Desemba, au siku ya Muungano, 26 Aprili. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533, akautangaza msamaha huo hapo Mwanza, Uwanja wa CCM Kirumba. Aprili 2020 wakafuata 3,973. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini zitazameni tarehe hizo kwa jicho la mkulima wa hapa kwetu. Ifikapo 9 Desemba, maharage ya vuli yamekwishapandwa tangu Septemba na Oktoba. Ifikapo 26 Aprili, ya masika yako shambani yanangoja kuvunwa. Anayetoka siku hizo anakuta kila mwenye jembe ameshapanda isipokuwa yeye. Akitoka Desemba atasubiri mvua za Februari, kisha asubiri tena mpaka avune. Akitoka mwishoni mwa Aprili, mpaka Septemba hana cha kutia ardhini. Miezi yote hiyo anakula kwa nani? Kwa mama mzee, au kwa kaka ambaye huenda ndiye aliyekuwa akilima kile kipande chake alipokuwa ndani, na sasa wanatazamana kwa mashaka.

Ndiyo maana nasema fedha iwepo kabla mtu hajafika. Tukisubiri arudi ndipo tuanze kuitisha kwaya, atakuwa ameshakopa, ameshagombana na ndugu, au ameshaondoka kwenda kutafuta vibarua mjini. Tamasha lifanyike Julai au Agosti, kahawa inapouzwa na maharage ya masika yako ndani. Desemba watu wanawaza sikukuu, na nyuma yake kuna sare na madaftari ya Januari. Hapo tutapigiwa makofi mengi na kapu litabaki jepesi.

Mnada wa kanisani mnaujua. Jogoo anainuliwa juu, mama mmoja anamnunua kwa elfu ishirini, badala ya kuondoka naye anamrudisha: "Auzwe tena!" Mwingine anatoa kumi na tano, naye anamrudisha. Hadi inafika zamu ya mikungu ya ndizi, jogoo yule yule ameingiza zaidi ya laki moja. Nguvu hiyo tunayo bila mfadhili yeyote. Inapotupotea ni kwenye gharama: jenereta, spika za kukodi, wali wa kwaya za wageni. Napendekeza kila kwaya ijichangie gharama zake mapema, ili kilichotolewa mbele ya madhabahu kwa ajili ya mfungwa kimfikie mfungwa.

Na kimfikie kama nini? Chakula cha miezi ya kungoja, mbegu, jembe, ikibidi kodi ya shamba la msimu mmoja. Kuna pia jambo linalosahaulika, nalo ni simu. Tangu 2019 laini inasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Aliyeingia gerezani bila kitambulisho hicho anatoka hawezi kusajili laini kwa jina lake, na asiye na laini hapokei hata elfu tano ya kibarua kwa simu. Mzee wa kanisa akiongozana naye kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua ya kuombea kitambulisho hicho, amemsaidia kuliko hotuba yoyote.

Sasa neno ambalo huenda baadhi yenu hamtalipenda. Tusimsimamishe mtu jukwaani kutoa ushuhuda wa kifungo chake siku ya changizo. Sisi ni majirani wa Gahini ya Rwanda, ulikowaka Uamsho miaka ya 1930, na wengi tumelelewa katika desturi ya kutubu hadharani. Naiheshimu sana. Ila ushuhuda hutoka kwa mtu Roho anapomgusa. Ukiwekwa kwenye ratiba, kati ya kwaya ya vijana na mnada, unakuwa bei ya msaada, na watoto wake watakumbushwa siku ile shuleni. Akitaka kuimba, avae sare, akae kwenye sauti yake, besi au teno. Radio Kwizera itangaze tamasha, si majina.

Yupo pia aliyeibiwa, aliyepigwa, aliyefyekewa migomba. Naye huwa amekaa kwenye benchi lile lile akisikia tunamchangia aliyemuumiza. Ng'ambo ya Rusumo, Prison Fellowship Rwanda ilijenga vijiji vya upatanisho, kama kile cha Mbyo huko Bugesera, ambako waliotumikia vifungo vya mauaji ya kimbari ya 1994 wanaishi jirani na walionusurika. Wenzetu wamebeba mzigo mzito kuliko wetu mara elfu. Sisi basi tusishindwe kumtembelea aliyekosewa kabla ya tamasha, kumwuliza anahitaji nini, na kumtengea fungu katika mapato hayo hayo.

Msamaha wa Rais hatuwezi kuutabiri, lakini vifungo vya kawaida vina hesabu. Sheria ya Magereza ya 1967 inampunguzia mfungwa mwenye mwenendo mzuri theluthi moja ya kifungo chake, kwa hiyo tarehe ya wengi inajulikana mapema. Naomba tusitawanyike leo kabla hatujachagua watu watano, wawili kati yao akina mama, wapitie familia zenye watu ndani, na kwa idhini yao wakauulize uongozi wa gereza nani anatarajiwa kutoka kati ya Septemba na Aprili. Idadi hiyo ndiyo itakayotuambia Julai tukusanye kiasi gani.