Cheni iliyokazwa mno nayo ni hatari



Majuzi nilipanda bodaboda kutoka Tabata kwenda Buguruni. Hatujafika mbali nikasikia chini yangu mlio kama wa mlango wenye bawaba kavu. Nikamwomba kijana asimame na azime injini. Nikainama, nikaishika cheni. Ilikuwa imekazwa kama uzi wa gitaa. Kijana akaniambia kwa fahari, "Mzee, fundi ameikaza jana tu. Cheni iliyolegea ndiyo inayoua."

Maneno yake ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Cheni iliyolegea mno hupigapiga, huruka meno ya spoketi, na siku moja hutoka. Ikijikunja kwenye spoketi ya mbele, tairi la nyuma laweza kukwama ghafla, na nyuma yenu daladala linakuja.

Nusu ya pili ndiyo wengi hawaijui. Tairi la nyuma halikai mahali pamoja. Abiria akipanda, au mkiingia shimoni, springi hubonyea. Ule mkono wa chuma unaoshika tairi hupanda, na umbali kati ya spoketi mbili huongezeka kidogo. Kwa hiyo cheni sharti iwe na akiba ya ulegevu. Ikikosa akiba hiyo, huvuta beringi za gurudumu na beringi ya shafti inayotoka kwenye gia. Sili huanza kuvuja oili, meno ya spoketi huliwa, na mwishowe cheni yenyewe yaweza kukatika. Kuifikia beringi ile ya ndani, mara nyingi injini hupasuliwa. Kwa kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, hizo ni siku kadhaa za njaa.

Sasa ifanyweje? Zima injini, maana cheni haina huruma na vidole. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gia iwe huru. Zungusha tairi polepole ukipima cheni ya chini, katikati ya spoketi mbili, hadi upate pale ilipokaza zaidi. Cheni hailiki sawasawa, kwa hiyo pima hapo. Isukume juu na chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo za kazi, mchezo wake uwe kama milimita 20 hadi 30. Kipimo halisi cha pikipiki yako kimo katika kitabu chake, au kwenye kibandiko karibu na cheni.

Kama haifai, legeza nati kubwa ya ekseli. Kisha zungusha nati za kurekebishia, kulia na kushoto, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kiasi kilekile kila upande. Hapa ndipo mafundi wengi wa vijiweni hukosea. Huvuta upande mmoja, wakiona cheni imekaza husema kazi imekwisha. Tairi linabaki limekaa upande, cheni inasaga ubavu wa spoketi, na pikipiki inamvuta dereva pembeni.

Tazama alama zilizochongwa pande zote mbili, zilingane. Lakini usiziamini peke yake. Chukua uzi, pima kutoka katikati ya bolti inayoshika mkono ule wa chuma hadi katikati ya ekseli, kulia, kisha kushoto. Umbali uwe mmoja. Halafu chuchumaa nyuma, tazama cheni inavyoingia kwenye spoketi: inyooke.

Kaza ekseli barabara, kisha pima tena, kwani kukaza kwaweza kubadilisha kipimo. Usisahau breki. Kwa pikipiki zenye breki ya fimbo, tairi likirudi nyuma fimbo huvutwa na breki hushika bila kukanyagwa. Likisogea mbele, pedali hulegea. Irekebishe kabla hujaondoka. Na ukiweza kuivuta cheni kutoka nyuma ya spoketi kubwa hadi ukaona nusu ya jino, usihangaike kukaza tena. Badilisha cheni na spoketi zote mbili pamoja.

Siku ile fundi wa pancha alituazima spana na uzi wake. Tulilegeza, tukapima, tukakaza, tukarekebisha breki. Zilipita kama dakika kumi na tano. Tulipoondoka, mlio haukuwapo. Kijana akaniuliza, "Mzee, mbona fundi hakuniambia?"

Sikuwa na jibu. Ila nawaambia madereva: fundi akimaliza, msilipe kabla hamjaishika cheni kwa mkono wenu, injini ikiwa imezimwa. Nasi abiria tukisikia mlio, tuseme. Mgongo ulio mbele yetu ni wa mtoto wa mtu, na safari ni yetu sote wawili.