Daftari la Askari wa Keya na Nishani Zilizokosekana

(Maneno yaliyosemwa barazani Kiomboi, Iramba, mbele ya wazee, viongozi wa vijiji na walimu.)



Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo juu ya mali, lakini neno hilo lafaa vile vile kwa heshima ya mtu. Mtu aweza kufanya kazi kubwa mbali na kwao, akarudi salama, akazeeka na kufa, na kazi yake isionekane popote kwa sababu karani mmoja hakuandika mstari mmoja. Habari yangu ya leo ni hiyo: askari wa Keya ambao daftari zao zina upungufu, na njia iliyo halali ya kuzisahihisha.

Katika vita vya 1939 hata 1945, watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia katika majeshi ya Mfalme wa Uingereza. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine waliandikwa kwa amri. Walio wengi wamekwisha kufa, na sasa ni watoto na wajukuu wanaouliza: Mbona baba alikuwa na nishani moja tu, na mwenzake waliyesafiri pamoja alikuwa nazo tatu? Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu la kweli.

Kwanza yapasa tujue nishani zenyewe. Nishani za vita ile hazikutolewa kwa kupendelewa. Kila moja ilikuwa na sharti lake. Nyota ya 1939–45 alistahili aliyetumika miezi 6 katika mahali pa vita. Muda huo ulifupishwa kwa aliyekufa au kujeruhiwa huko. Nyota ya Afrika alistahili aliyetumika vitani Afrika ya Kaskazini kati ya 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943, au katika vita vya Habeshi na nchi za Wasomali kati ya 10 Juni 1940 na 27 Novemba 1941. Nyota ya Burma alistahili aliyeingia katika vita vya Burma kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Nishani ya Vita alistahili aliyetumika jeshini siku 28 kamili kati ya 3 Septemba 1939 na 2 Septemba 1945, hata kama hakuvuka mpaka. Iko pia Nishani ya Ulinzi, ambayo sharti lake lategemea mahali mtu alipotumika na muda aliokaa hapo.

Angalieni neno moja katika masharti hayo. Hayaulizi kama mtu alishika bunduki. Yauliza alikuwa wapi, na siku zipi. Mpishi, dereva, muuguzi, na mtu wa kikosi cha kazi aliyechimba barabara na kupakua mizigo Afrika ya Kaskazini, wote walihesabiwa kwa kipimo kile kile. Kwa hiyo mtu asione haya kusema kwamba babu yake alikuwa mpishi wa jeshi. Kama mpishi huyo alipika Burma, Nyota ya Burma ilikuwa haki yake.

Sasa, mbona nishani zilikosekana? Sababu ni nyingi, nami nitazitaja zile kubwa.

Sababu ya kwanza ni wakati. Nishani zenyewe hazikugawiwa vitani. Nyingi zilitolewa miaka kadhaa baada ya vita kwisha 1945, wakati askari wamekwisha kuachishwa na kutawanyika. Huyu amehamia bondeni Wembere na ng’ombe wake, yule amekwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Barua ilipofika bomani, mwenyewe hakuwapo wa kuitikia.

Sababu ya pili ni jina. Kijana wa Kinyiramba aliandikwa kwa jina lake la nyumbani, na karani aliyemwandika hakujua lugha yake. Jina kama Msengi huweza kuwa Musengi katika karatasi moja na Msenge katika nyingine. Penye L huandikwa R, na penye R huandikwa L. Kisha vita vilipokwisha, wengi walibatizwa katika misioni za Kilutheri, kama Ruruma, Kinampanda na Ushora, wakapewa majina mapya. Leo wajukuu wamtafuta Eliya au Yohana, na katika daftari la jeshi hayumo mtu wa jina hilo, kwa maana aliyeandikwa ni Msengi wa mtemi fulani.

Sababu ya tatu ni kikosi, na hapa nawasihi walimu msikilize kwa makini. Mwana husema, “Baba alikuwa Keya ya sita.” Lakini vikosi vya Tanganyika vilivyokuwa na sita katika namba yake vilikuwa vingi: kilikuwapo kikosi cha 6, kikosi cha 26, kikosi cha 36 na kikosi cha 46. Njia zao hazikuwa moja. Askari wa kikosi cha 1/6 walipigana na Mtaliani katika Habeshi 1941, na 1942 wakavuka bahari kwenda Bukini, ndiyo Madagascar. Vikosi vya 26 na 36 vilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyomsukuma Mjapani katika bonde la Kabaw 1944, ikafika mto Chindwin penye Kalewa mwezi wa Desemba mwaka ule. Kikosi cha 46 kiliingia Burma katika Brigedi ya 28. Basi mwana aliyesikia “sita” tu, akaandika 6 mahali pa 36, hupeleka ombi la Nyota ya Burma kwa kikosi kilichokuwa Bukini. Ombi hilo hukataliwa, na mwana husema ameonewa, kumbe ni namba moja iliyoanguka.

Tena askari walihamishwa. Mtu aweza kuanza katika kikosi kimoja Habeshi na kumaliza katika kingine Burma. Karani wa kikosi cha pili akiandika yaliyotokea kwake tu, Nyota ya Afrika hupotea hapo.

Msidhani kwamba ucheleweshaji uliwapata watu wadogo peke yao. Sajini Nigel Leakey wa kikosi cha 1/6, Mzungu wa Kenya, alipanda juu ya kifaru cha Mtaliani katika vita vya Colito, Habeshi, tarehe 19 Mei 1941, akafungua mlango wa juu na kuwapiga waliokuwamo. Alikufa siku ile, na mwili wake haukuonekana. Msalaba wa Victoria, ambayo ni nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, ulitangazwa kwa jina lake 15 Novemba 1945, yaani miaka 4 na miezi karibu 6 baadaye. Naye alikuwa na maafisa waliojua kuandika na waliokubali kumshuhudia. Askari wa kawaida ambaye hakuwa na mtu wa kumwandikia, hali yake ilikuwaje?

Wala si nishani tu. Katika Aprili 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya uchunguzi wake, ikaomba radhi. Iliona kwamba baada ya vita ya kwanza, ile ya 1914 hata 1918, watu 45,000 hata 54,000 waliokufa, walio wengi wa Bara Hindi, Afrika ya Mashariki na ya Magharibi, Misri na Usomali, hawakukumbukwa sawasawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam 1927 ni nzuri, lakini haina jina hata moja la askari wala la mpagazi. Ndugu zangu, Kariakoo yenyewe imepata jina kwa kikosi cha wapagazi waliokuwa na kambi yao pale. Mahali pamehifadhi jina la kikosi, lakini majina ya watu yamepotea.

Basi tufanye nini? Nitasema kwa taratibu.

Kwanza, kusanyeni habari za mtu kabla ya kuandika barua yo yote. Jina aliloandikwa nalo, jina la baba yake, kabila, mtemi wake wa wakati ule na kijiji, namba yake ya jeshi pamoja na herufi zilizotangulia, kikosi, cheo, mwaka wa kuingia na wa kuachishwa. Namba ndiyo kubwa kuliko yote. Majina hufanana, bali namba humtenga mtu mmoja na wengine.

Pili, tafuteni karatasi. Cheti cha kuachishwa jeshini ni cha kwanza, kisha kitabu cha mshahara, barua, na picha. Picha yaweza kusema mengi: alama ya kichwa cha kifaru, yule mnyama, iliyoshonwa begani yaonyesha Divisheni ya 11. Lakini nishani mkononi peke yake haithibitishi neno, kwa kuwa nishani za Uingereza za vita ya pili kwa kawaida hazikuchorwa jina la mwenyewe, tofauti na zile za vita ya kwanza. Na mtu aliyebadili jina kwa ubatizo, kitabu cha kanisa chaweza kuunganisha jina la zamani na jipya.

Tatu, andikeni ushuhuda wa wazee. Mzee aseme lile aliloliona kwa macho yake, na lile alilosikia lisemwe kuwa limesikiwa tu. Mambo haya mawili yasichanganywe, kwa maana ushuhuda uliochanganywa huangusha hata ule ulio wa kweli.

Nne, linganisheni habari hizo na daftari za vikosi. Katika Nyumba ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza huko Kew yamo maandiko ya kila siku ya vikosi vya vita: fungu la WO 169 lina majeshi ya Mashariki ya Kati, na WO 172 lina majeshi yaliyopigana Burma. Fungu la WO 373 lina mapendekezo ya nishani za ushujaa. Hapo huonekana kikosi kilikuwa wapi siku fulani. Lakini kumbukeni, daftari la kikosi laonyesha kikosi. Kwamba mtu wenu alikuwamo siku ile, hapana budi lithibitishwe kwa karatasi zake mwenyewe. Tena Kamandi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na makao yake Nairobi. Mtu akiambiwa London kwamba jina halionekani, asikate tamaa mara moja. Aulize pia katika nyaraka za Nairobi, na katika Nyaraka zetu za Taifa.

Tano, ndipo iandikwe barua. Ofisi ya Nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ndiyo hupima haki ya nishani za nchi ile. Mwombaji ni askari mwenyewe, au akiwa amekufa, ndugu yake wa karibu. Jamaa wapatane kwanza nani atakuwa mwombaji, maana wana watatu wakiandika barua tatu zenye miaka mitatu tofauti, wameharibu shauri lao wenyewe. Pelekeni nakala, karatasi za asili zibaki nyumbani. Ombeni jambo moja lililo wazi: “Daftari laonyesha nishani hii, karatasi hizi zaonyesha alistahili na ile, tunaomba lipimwe upya.”

Sasa maneno ya kuonya. Nishani za vita hazina pensheni wala malipo. Mtu akija kwenu akidai fedha ili awafungulie hazina ya Uingereza, mtu huyo ni mwongo, mfukuzeni. Tena msiongeze mwaka katika cheti kwa kalamu yenu, wala msinunue nyota sokoni na kuitundika ukutani kuwa ya babu. Karatasi moja iliyoghushiwa huwatia shaka majirani wote wenye haki. Babu aliyeishia Bukini ana heshima yake ya Bukini. Hahitaji kuazimwa Burma.

Na mtu asiseme kwamba wakati umepita. Mwanzoni mwa Novemba 2023 Mfalme Charles alikuwa Nairobi, na katika makaburi ya vita ya Kariokor askari wazee wanne wa Kenya walipewa nishani mpya mahali pa zile zilizopotea. Baadhi ya askari wa nchi ile walikuwa wamezitupa au kuzificha nishani zao kwa hofu, wakati wa vita vya Mau Mau. Miaka zaidi ya 70 ilikuwa imepita, na haki yao ilitambuliwa.

Mwisho nawageukia walimu. Kila shule ya Iramba na Mkalama yaweza kuwa na daftari moja la askari wa kijiji. Watoto wawaulize wazee, na wasiwasahau akina bibi wajane, ambao mara nyingi ndio waliotunza cheti cha marehemu ndani ya sanduku la nguo. Jibu la London likija kwamba karatasi hazikuonekana, daftari la kijiji litabaki, lina jina, namba, kikosi na njia aliyopita mtu. Mchwa na mvua havingoji. Kazi hii ianze katika mwaka huu, wakati wangalipo watu waliosikia habari hizi kutoka kinywani mwa wenyewe.