Kununua Parseli ya Kwanza Bila Kununua Vita

Maneno tuliyosema mbele ya familia changa, mjini Bunia

Sisi hatukuja kama avoka wala kama komisioneri. Hatuna parseli ya kuuzisha. Kazi yetu ni kupatanisha watu wanaogombania udongo, na tunawaletea yale tuliyoyaona tukikaa katikati yao.

Tunajua kwamba wengi kati yenu mmeweka feza katika likelemba kwa muda mrefu. Mmejinyima nguo, mmejinyima nyama, ili siku moja mtoke katika nyumba ya kupanga. Kwetu ni watu wachache sana wanaopata mkopo wa benki kwa ajili ya nyumba. Mtu ananunua kwa feza aliyoshika mkononi, na mara nyingi ananunua mara moja tu katika maisha yake. Akikosea, hana feza ya pili. Ndiyo sababu tunawaomba mfikiri kabla ya kulipa, kwa maana kufikiri kisha kulipa ni kulia.

Tena hapa Ituri kosa la parseli haliishii kwa mtu mmoja. Mnakumbuka mwaka wa 1999, katika teritwari ya Djugu. Ugomvi juu ya konsesio na mipaka yake katika sekta ya Walendu-Pitsi ulikuwa moja ya cheche zilizowasha vita, na mahali vita hivyo vilipotufikisha tunapajua wote. Hatusemi hivi ili kufungua vidonda. Tunasema ili kila mmoja wetu akumbuke kwamba karatasi mbaya inaweza kuchoma mtaa mzima.

Tuwasimulie jambo moja tulilolishughulikia. Hatutataja majina wala kartie, kwa sababu familia zile bado ni jirani. Mwalimu mmoja na mke wake walinunua parseli yenye msingi wa nyumba ya zamani. Aliyewauzia alisema ni urithi wake. Walikuwa na mapatano ya kuuzisha yenye sahihi na muhuri wa shefu wa avenyu. Walijenga kuta, wakapiga bati, wakaingia. Mwaka uliofuata akaja mama mjane na watoto wanne. Marehemu bwana yake ndiye aliyekuwa mwenye parseli. Walikimbia wakati wa vita mwaka wa 2003. Aliyeuzisha alikuwa mdogo wa marehemu, na feza alikuwa amekwisha kuila.

Mjane alisema: «Hapa ndipo nilipozalia watoto wangu.» Mwalimu alisema: «Hapa ndipo jasho langu la miaka sita lilipo.» Wote wawili walisema kweli. Lakini familia hizi mbili hazikuwa za kabila moja, na kabla ya wiki mbili kuisha vijana wa upande huu na wa upande ule walianza kukutana usiku. Usiku mmoja mtu alimwaga petroli mlangoni. Watoto walikuwa wamelala ndani. Mungu alisaidia, jirani alisikia harufu akapiga kelele.

Tulikaa nao miezi mingi. Mwishoni walikubali kugawanya: mjane alipata nusu ya kiwanja upande wa barabara, mwalimu akabaki na nyumba, na akakubali kumlipa mjane kiasi kidogo kila mwezi. Yaani alilipa mara mbili kwa nusu ya parseli. Mjane naye alipoteza nusu ya mali ya watoto wake. Hatukushangilia siku ile. Tulishukuru tu kwamba hakuna aliyekufa. Na tulijiuliza: ni maswali gani ambayo, kama mwalimu angeyauliza mbele ya kulipa, yangeokoa nyumba hizi mbili? Hayo ndiyo tunayowaletea leo.

Swali la kwanza: ninanunua kitu gani?

Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Raia hanunui udongo wenyewe. Anapata haki ya kuutumia, ndiyo inayoitwa konsesio, pamoja na nyumba na miti iliyo juu yake. Mkongomani anaweza kupata konsesio ya daima. Konsesio ya kawaida ina muda wake, hata miaka 25, na inaweza kufanywa upya. Basi uliza: ni ya namna gani, na muda wake unaisha lini?

Kadiri ya sheria hiyo, kinachothibitisha haki hiyo ni sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi na nyumba. Karatasi zingine zina faida yake, lakini si sertifika. Fishi ya parseli si sertifika. Barua ya shefu si sertifika. Mapatano mliyoandika mezani si sertifika. Kontra ya kukodi inayotolewa na Serikali ni hatua ya kwanza tu: imewekwa kwa muda mfupi, ili mtu ajenge au alime, halafu aombe hati ya kudumu. Parseli nyingi katika mji wetu hazijafika kwenye sertifika, na hatusemi msizinunue kamwe. Tunasema: ujue umesimama kwenye ngazi gani, na bei ifuate ngazi hiyo.

Swali la pili: anayeniuzia ni nani, na nani wengine wana neno?

Sheria yetu ya mapatano ya mwaka wa 1888 inasema kuuzisha kitu cha mwingine ni bure, hakushiki. Hata kama wewe mnunuzi hukujua, unabaki na haki ya kudai fidia kwa yule aliyekudanganya, na yeye mara nyingi hana kitu. Kwa hiyo usimwangalie tu mtu anayeshika karatasi. Angalia jina lililo juu ya karatasi.

Kama aliyeandikwa ameoa, mke wake awepo, aelewe, aweke sahihi. Kodi ya Familia ya mwaka wa 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inataka bibi na bwana wapatane kabla ya kuuzisha nyumba yao. Kama aliyeandikwa amekufa, watafute watoto wake wote, wasichana sawa na wavulana. Kodi hiyo inawapa watoto robo tatu za urithi. Wajomba na baba wadogo hawawezi kukaa kikao na kuuzisha juu ya vichwa vya mayatima. Mtu akikuambia «wasichana hawana neno hapa,» funga mfuko wako uende nyumbani.

Na sisi wa Ituri tuna swali lingine la kuongeza: je, mwenyewe alikimbia? Uliza majirani wazee ni nani aliyekaa hapa kabla ya vita. Bei ndogo sana kwa parseli ya mtu aliyekimbia isikufurahishe. Uwe na huruma na aliye mbali, kwa maana kesho anaweza kuwa wewe.

Swali la tatu: biro za Serikali zinasema nini?

Nenda wewe mwenyewe kwa konservateri na kwa kadastri, ukiwa na namba ya parseli. Usimtume komisioneri peke yake; yeye anakula biashara ikifanyika, wala hapati kitu ikikataliwa. Uliza: parseli hii imeandikwa kwa jina la nani? Je, imewekwa rehani kwa deni? Je, kuna kesi juu yake? Halafu omba mtu wa kadastri afike kiwanjani, apime, na akuonyeshe borni zote. Utalipa kidogo, na udai risiti. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kesi ya siku moja.

Ukinunua nje ya mji, kwenye udongo unaotumiwa kwa desturi, kazi ni kubwa zaidi. Sahihi ya shefu peke yake haitoshi. Watu wanaolima pale, hata wasio na karatasi, wana haki zao, na sheria inadai uchunguzi ufanyike mbele ya konsesio kutolewa. Uchunguzi ule usifanywe mezani. Ufanywe shambani, mchana, wakulima wakiwepo.

Swali la nne: mahali penyewe pakoje?

Fika asubuhi, fika jioni, fika mvua ikinyesha. Maji yanapita wapi? Mfereji uko wapi? Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika kule Uvira ukabomoa nyumba nyingi. Mto hausomi sertifika. Na zungumza na majirani wa pande zote nne. Waulize bila haraka: mpaka uko wapi? Njia hii ni ya nani? Wakinyamaza wote na kutazamana, ujue kuna neno. Unaponunua nyumba unanunua na majirani, na majirani hawana bei.

Swali la tano: nitalipa namna gani?

Usilipe siku ya kwanza, hata wakikuambia kuna mtu mwingine anayengoja na feza mkononi. Haraka hiyo ndiyo chambo. Mapatano yaandikwe katika lugha ambayo pande zote zinaelewa, na kama ni Kifaransa, yasomwe kwa sauti na kutafsiriwa mbele ya wote. Yaonyeshe majina kamili, namba ya parseli, upana na urefu, bei kwa tarakimu na kwa maneno, na siku za kulipa. Mashahidi watoke pande zote mbili, pamoja na majirani na wakubwa wa mtaa. Halafu mpeleke kwa notere. Kila franka na kila dola iwe na risiti. Nakala moja usiiweke nyumbani. Iache kwa mzazi au kwa rafiki mwaminifu, kwa maana nyumba inaweza kuungua na sisi tunaweza kukimbia.

Na mume asiandike jina lake peke yake kama wote wawili walitoa jasho. Tumeona wajane wengi wakitolewa nje na shemeji zao wiki moja baada ya mazishi. Kuandika majina mawili ni kumpenda mke wako hata baada ya kufa.

Ukiisha kulipa, usilale. Nenda ubadilishe jina kwenye biro, uendelee hata upate sertifika. Na hapa tunawaambia neno moja la wazi. Kadiri ya sheria ya 1973, sertifika ikiisha kupita miaka miwili, haivunjwi tena kwa urahisi. Mwenye kulalamika anabaki na njia ya kudai fidia tu. Kuna watu walioitumia vibaya kanuni hiyo: walichukua hati kwa siri juu ya mashamba ya wengine, wakanyamaza miaka miwili, kisha wakaja na polisi kuwafukuza wakulima. Jeraha la Ituri lina mizizi huko pia. Basi wewe upate hati yako mchana, majirani wakijua. Na ukisikia mtu anapimapima karibu na shamba lako, usingoje miaka miwili.

Labda kati yenu kuna mtu anayesema moyoni: «Mmechelewa, mimi nilikwisha nunua na mwenyewe amekwisha kuja.» Ndugu yetu, usiite vijana wa kabila lako. Usijibu kwa panga, wala usikimbie kujenga ukuta usiku. Kusanya karatasi zako zote na uwatafute wapatanishi, wazee au wakubwa wa mtaa ambao pande zote mbili wanawaamini. Mkipatana, muandike na muweke sahihi mbele ya mashahidi. Msipopatana, tribinali iko: tribinali ya amani kwa udongo wa desturi, tribinali kubwa kwa parseli zenye sertifika. Kesi ni ndefu na ni ya gharama, lakini mtu anayengoja hukumu bado yuko hai.

Tunamaliza. Juzi tulipita kwenye parseli ile ya mwalimu. Katikati ya nusu mbili kuna ua wa miyenze, na ua ule una mlango. Tuliuliza nani aliufungua. Walituambia ni watoto, kwa sababu bomba la maji liko upande wa mjane. Watu wazima hawajaanza kula pamoja. Wanasalimiana asubuhi, basi. Kwa leo inatosha.

Wandugu, tunawatakia kila mmoja nyumba yake, yenye bati lisilovuja na karatasi isiyo na machozi ya mwingine. Mkirudi nyumbani, mwelezeni haya mtu mmoja anayeweka feza ya parseli. Sasa tuko tayari kusikia maulizo yenu, na aliye na karatasi zake asiogope kuzileta hapa mbele, tuziangalie pamoja.