Mchezo Unaofundisha Uongozi

Hotuba ya Katibu katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Union



Leo tumesikia habari za magunia, mizani na faida za miaka kumi, nazo zimetufurahisha. Mimi nimepewa nafasi ya kusema juu ya elimu ya viongozi, nami nitasema juu ya mchezo. Najua wapo watakaocheka. Lakini wazee wetu waketio penye bao, kete 64 katika mashimo 32, hawapotezi wakati bure. Hapo mtu hujizoeza kuhesabu kabla ya kutia mkono, na akikosea hupoteza kete, hapotezi shamba. Jeshi la Prussia nalo lilianza mwaka 1824 kuwafundisha maofisa wake kwa mchezo wa vita uliochezwa mezani juu ya ramani.

Mchezo ninaotaka kuueleza ulitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Profesa Jay Forrester na wenzake, katika chuo cha MIT huko Marekani. Unahusu biashara ya bia. Wachezaji ni wanne: mwenye duka, muuzaji wa jumla, msambazaji na mwenye kiwanda. Kila wiki ya mchezo mwenye duka hufunua karatasi inayoonyesha wateja wametaka masanduku mangapi. Kisha kila mmoja humwagizia aliye juu yake kwa kipande cha karatasi, bila kusema neno. Agizo huchelewa njiani, na mzigo nao huchelewa kuja. Kila sanduku linalolala ghalani hutozwa nusu dola kwa wiki, na kila sanduku ambalo mtu ameliagiza akalikosa hutozwa dola nzima.

Sasa sikilizeni siri yake. Wateja hutaka masanduku 4 kila wiki, halafu hutaka 8, na hubaki na 8 mpaka mwisho. Badiliko ni hilo moja tu. Lakini mwenye duka akiona rafu tupu huagiza zaidi. Mzigo usipofika huagiza tena. Aliye juu yake hushtuka, naye huongeza lake, na mwenye kiwanda hutengeneza mlima wa masanduku. Ndipo mizigo yote hufika kwa pamoja, wakati hakuna tena anayeihitaji. Profesa John Sterman wa chuo hicho hicho alichapisha uchunguzi wake mwaka 1989, akaonyesha kwamba gharama za vikundi vilivyocheza zilikuwa kwa wastani mara kumi ya zile ambazo zingetosha. Na wachezaji wakiulizwa kosa ni la nani, humtaja mteja, au humtaja jirani.

Mwaka jana halmashauri yetu iliucheza mchezo huu ukumbini kwa siku moja. Badala ya bia tulisema mbolea, na maharage yakawa mifuko. Mimi niliketi mahali pa ghala la Union. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimemkasirikia aliyeketi mahali pa chama cha msingi, naye amenikasirikia, na meza imejaa maharage yasiyo na mwenyewe. Mwalimu alipofunua karatasi za wakulima, tuliona kwamba haja yao ilipanda mara moja tu. Ukumbi ukanyamaza.

Tulinyamaza kwa sababu, wenzangu. Wengi wenu mnakumbuka msimu ule mbolea ilipochelewa, kisha ikaja nyingi baada ya mvua, ikalala ghalani mpaka ikagandamana, nasi tukabaki na deni. Tulimwachisha kazi mtunza ghala. Barua ile niliiandika mimi kwa mkono wangu. Baada ya mchezo nililifungua jalada, nikaona vyama viliagiza mara mbili kwa hofu, ingawa mashamba hayakuongezeka. Nikaona pia barua ya mtunza ghala, akiomba tupeleleze haja ya kweli ya wakulima kabla ya kuagiza tena. Haikujibiwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alinikaribisha chai, akasema, "Bwana Katibu, mimi nina duka langu sasa, sirudi. Lakini asifukuzwe mwingine kama mimi." Halmashauri imekwisha kumwandikia kuondoa lawama ile, na tangu hapo kila chama hutuletea hesabu tatu pamoja: mifuko iliyobaki ghalani, mifuko iliyoagizwa lakini haijafika, na haja ya wanachama mmoja mmoja. Hesabu hizo hubandikwa ukutani, kila mtu azione.

Basi naomba vyama vyote vicheze mchezo huu kabla ya msimu. Yafaa watu wabadilishane viti: mwenyekiti akae dukani, na mkulima akae penye ghala la Union, apate kuonja uzito wa kazi ya mwenziwe. Na mchezo ukiisha, watu wazungumze kwa muda ule ule waliocheza, maana fundisho limo katika mazungumzo. Bila hayo, ni maharage tu.

Sisemi kwamba mchezo utaleta mvua, wala kwamba utamzuia mwizi; vitabu vyetu hapana budi viendelee kukaguliwa. Nasema hivi tu: kiongozi atakosea, awe amesoma au hakusoma. Ni heri akosee mezani penye maharage, kuliko kukosea kwa fedha za wanachama na kwa riziki ya mtu asiye na hatia.

Union yetu na idumu.