Leza, Macho Yetu na Subira ya Kupimwa

Hotuba iliyotolewa ukumbini siku ya kambi ya upimaji wa macho



Kamati imeniomba niseme machache juu ya upasuaji wa macho kwa leza. Tangu kambi hii ilipotangazwa, vijana wengi wamefika dukani kwangu na swali moja: "Mzee, nikifanyiwa leza, miwani nitaitupa?" Mimi si daktari. Elimu yangu iliishia sekondari, na maisha yangu yote nimeuza vitambaa. Lakini nimeuliza, nimesoma, na nimewasindikiza wapwa zangu wawili kwa madaktari bingwa. Niliyojifunza huko ndiyo ninayowaletea.

Kwanza tulielewe jicho lenyewe. Mbele ya jicho kuna kioo angavu kiitwacho konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, lakini ndiyo inayofanya takriban theluthi mbili za kazi ya kupinda mwanga ili taswira itue juu ya retina, nyuma ya jicho. Jicho likiwa refu kupita kiasi, taswira hutua kabla ya kufika kwenye retina, na mtu haoni vizuri vitu vya mbali. Likiwa fupi, shida huanzia vitu vya karibu. Konea isipokuwa na mviringo ulio sawa pande zote, vitu huonekana vimevutika. Hiyo huitwa astigimatizimu. Miwani hurekebisha mwanga kabla haujaingia jichoni. Leza huichonga konea yenyewe.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kazi hii ilianza muda mrefu kabla ya leza. Katikati ya karne iliyopita, daktari José Ignacio Barraquer wa Bogotá, Colombia, alikuwa tayari akichonga konea ili kubadili nguvu yake. Mwaka 1981, wanasayansi watatu wa kampuni ya IBM katika jimbo la New York, yaani Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, walijaribu leza ya eksima juu ya nyama ya bata mzinga iliyobaki baada ya sikukuu. Sisi tusiokula nyama tutawawia radhi. Waliona kwamba mwanga huo usioonekana kwa macho huondoa tabaka jembamba mno bila kuunguza sehemu za kando. Srinivasan ni mzaliwa wa India, na jambo hilo linatufurahisha wengi humu ukumbini. Miaka miwili baadaye alishirikiana na daktari wa macho Stephen Trokel kuonyesha jinsi leza hiyo inavyoweza kuichonga konea, na mwaka 1995 serikali ya Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa kurekebisha uoni.

Leo ziko njia kuu tatu. Katika LASIK, daktari hufunua tabaka jembamba la juu la konea kama anayefunua ukurasa, leza hufanya kazi chini yake, kisha ukurasa hurudishwa mahali pake. Wengi huona vizuri kesho yake. Katika PRK, utando wa juu kabisa huondolewa na kuachwa uote upya. Maumivu ni ya siku kadhaa, na uoni hurejea polepole. Katika SMILE, leza hukata kipande chembamba ndani ya konea, nacho hutolewa kupitia tundu dogo. Katika njia hizi mgonjwa hutiwa matone ya ganzi, na kwa kawaida leza hufanya kazi yake kwa muda unaohesabiwa kwa sekunde.

Sasa, ndugu zangu, nisikilizeni kama muuza vitambaa. Jora likishakatwa, kipande hakirudi. Utando wa juu wa konea huota tena, lakini sehemu ya ndani inayochongwa na leza haioti. Kwa hiyo swali la kwanza si bei, wala si ubora wa mashine. Swali la kwanza ni hili: je, konea yangu inafaa kuchongwa?

Uko ugonjwa uitwao keratokonasi. Konea hupungua unene na kuchomoza mbele mfano wa pia. Huanza ujanani, na mwanzoni hufanana na kutoona mbali kwa kawaida: kijana hubadilisha miwani kila mara, na kila miwani mpya huchoka upesi. Konea ya namna hiyo ikichongwa, hudhoofika zaidi, na uoni unaweza kuharibika kiasi kwamba hata miwani haisaidii. Madaktari wa Uingereza walikwisha kuonyesha kwamba watu wenye asili ya Asia Kusini hupatwa na ugonjwa huu mara nyingi zaidi kuliko Wazungu wanaoishi nao mji mmoja. Hilo ni letu sisi. Nanyi majirani, msidhani limewapita. Katika nchi zetu za joto wako watoto wengi wenye mzio wa macho, wanaojikuna usiku na mchana, na kuyasugua macho kwa nguvu kunahusishwa na ugonjwa huuhuu. Mtoto anayejikuna macho kila siku apelekwe kwa daktari akiwa bado mdogo.

Wapwa zangu wawili niliowataja walitaka kufanyiwa leza mwaka mmoja. Binti alipimwa, konea yake ikaonekana nene na tulivu, akafanyiwa, na leo anaona vizuri. Kijana alianzia mahali ambapo walimtaka atume malipo ya awali kwa simu ili awahi bei ya punguzo, kabla hata hajapimwa. Nilimwambia, mwanangu, mimi ni mfanyabiashara. Anayekutoza kabla ya kukupima anauza haraka yako. Tulikwenda kwingine. Daktari alichora ramani ya konea yake kwa mashine, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema hapana. Ilikuwa keratokonasi changa. Badala ya leza alipewa tiba ya matone ya vitamini B2 na mwanga maalumu, inayokaza konea ili ugonjwa usiendelee. Leo anavaa lenzi ngumu na anafundisha hisabati. Lile neno "hapana" ndilo lililomwokolea macho.

Wako wengine wanaopaswa kungoja au kuacha kabisa: aliye chini ya miaka 18, ambaye namba za miwani yake zimebadilika ndani ya mwaka mmoja uliopita, mama mjamzito au anayenyonyesha, mwenye macho makavu sana, mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Anayevaa lenzi za kubandika huagizwa azivue kwa muda kabla ya kupimwa, maana hubadilisha umbo la konea. Na hata aliyefaa ajue kwamba macho makavu yanaweza kumsumbua kwa miezi, na kwamba baadhi ya watu huona miale au duara kuzunguka taa usiku. Dereva wa safari za usiku alifikirie hilo kwa makini.

Wazee wenzangu, nanyi msiuziwe kisicho chenu. Baada ya miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huwa ngumu, na mtu huanza kulishika gazeti mbali. Leza ya konea haiilainishi lenzi hiyo. Miwani ya kusomea ya bei nafuu inatosha. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu, na tiba yake ni kuitoa na kuweka lenzi ya bandia. Iko pia leza ya retina kwa wenye kisukari, na iko ya presha ya macho. Jina ni moja, kazi ni mbalimbali. Mtu akikuambia "nilipigwa leza nikapona", muulize kwanza alikuwa akiumwa nini.

Kwa watakaokwenda kupimwa, hapa nchini au Ahmedabad na Mumbai kama desturi ya wengi wetu, shikeni maswali haya. Konea yangu ina unene gani, na itabaki kiasi gani? Ramani yake imechorwa? Nani hasa atanifanyia? Nikirudi nyumbani nikapata tatizo, nani atanitazama? Wala msipande ndege ya kurudi bila nakala ya vipimo vyenu. Siku mtakapopata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atahitaji vipimo hivyo ili achague lenzi sahihi. Aidha, aliyekuwa haoni mbali bado ana jicho refu hata akivua miwani, na retina yake yahitaji kuchunguzwa kama zamani.

Nina neno kwa wazazi. Wako wanaotaka binti avue miwani kabla ya posa haijaja. Miwani si kasoro ya binti, wala konea yake si mahari. Akitaka leza kwa hiari yake, na akafaa, apelekwe. Akisukumwa na hofu ya maneno ya watu, tuwanyamazishe hao watu, tusimkate yeye.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa uoni, na kwamba kwa wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijatibiwa. Wengi wa hao hawahitaji leza. Wanahitaji miwani, au upasuaji wa mtoto wa jicho unaofanywa kila siku katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi. Basi natoa ombi: kila familia itakayomlipia kijana wake leza, imlipie pia jirani mmoja upasuaji wa mtoto wa jicho. Mimi nimekwisha kuandikisha jina langu kwa majirani wawili, kwa ajili ya wapwa zangu wawili. Daftari liko mezani kwa Katibu, na kalamu ipo.

Foleni ya kupimwa inaanzia mlango wa kulia. Wazee na watoto watangulie.