Goti la Mtoto, Jicho la Mama

Leo tunazungumzia baridi yabisi ya watoto: uvimbe wa viungo unaoanza kabla mtoto hajatimiza miaka 16 na kudumu wiki 6 au zaidi. Naam, si ugonjwa wa wazee peke yao.

Saa 12 asubuhi, binti anashuka kitandani akijivuta. Vifungo vya sare vinamshinda. "Unaumwa?" mama anauliza. "Hapana, mama." Saa 4 anaruka kamba shuleni, na mwalimu anadhani alikuwa akideka. Hadeki. Viungo hukaza usiku na kulegea kadiri anavyojongea.

Mzazi huwaza nauli, dawa na kesho ya mwanawe. Mtoto huwaza kichefuchefu cha dawa, na aibu ya kukaa pembeni wenzake wakicheza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo mzazi, mkifika kliniki mwache mtoto ajibu kwanza: maumivu ni ngapi, kati ya 0 na 10? Kisha wewe useme ulichokiona. Akiandikiwa dawa ya methotreksati, hutumiwa mara moja kwa wiki, si kila siku; mshirikisheni daktari mchague siku pamoja. Na macho yapimwe hata yasipokuwa mekundu, kwani ugonjwa huu huweza kuyadhuru kimyakimya.

Mama ana jicho, mtoto ana goti. Daktari anahitaji ushahidi wa wote wawili.